Ngome ya Ostrów Lednicki haikuzama

Mkuu, umeuliza kama ile ngome ya kisiwani Ostrów Lednicki, Polandi, ilizamishwa na ziwa. Hapana, ilivamiwa. Mnamo 1038 au 1039 Břetislav, mtawala wa Bohemia (leo sehemu ya Cheki), aliishambulia Polandi ikiwa dhaifu, ngome ikaharibiwa. Kabla ya hapo ilikuwa moja ya makao ya Mieszko, mtawala wa Polandi aliyebatizwa 966. Magofu ya jumba lake la mawe na kanisa dogo bado yapo. Ila utamu uko majini: wapiga mbizi wameopoa mashoka, mikuki na panga kwenye mabaki ya madaraja mawili ya mwaloni (mti, siyo mwalo wa samaki wa Mwanza!). Na watu hawakukihama kisiwa mara moja, waliendelea kuzikana pale karne kadhaa.