Jibu: Kiwanda kidogo cha bia kinakuaje bila kuwapoteza majirani?

Ndugu, umeuliza kama kiwanda kidogo cha bia kinaweza kupanuka bila kuwapoteza watu waliokibeba tangu mwanzo. Kinaweza, ila wengi hukosea kwa kununua matangi makubwa kabla hawajayajaza madogo. Ale, yaani bia inayochachuka haraka, hukaa kwenye tangi wiki 2 hivi; lager, bia inayochachuka polepole kwenye baridi, mwezi au zaidi. Hesabu ya upanuzi inaanzia hapo, wala si kwenye ukubwa wa jengo. Na bia ya leo isipofanana na ya mwezi uliopita, mteja hakuambii, anaondoka tu.

Ujirani wenyewe hauji kwa matangazo. Anza na machicha. Kila upishi unaacha lundo la nafaka iliyokwisha kukamuliwa, bado inafuka mvuke, inanukia kama uji. Sehemu kubwa yake ni maji, kwa hiyo kwenye joto huharibika ndani ya siku 1 au 2. Mfugaji akija na mapipa yake asubuhi ileile, ng'ombe wanapata chakula chenye protini nawe unaepuka gharama ya kutupa. Kwangu mimi, uhusiano huo una nguvu kuliko kudhamini timu ya mpira, ingawa hilo nalo ni jema sana.

Majitaka usiyafanyie mzaha. Yana sukari na hamira. Yakiingia mtoni yanamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Waambie majirani mapema unayapeleka wapi, na malori yatapita saa ngapi.