Mguu wa pili wa biashara uote kwenye wa kwanza

Nilianza kuuza magazeti mwaka 2009, meza moja na mwavuli, jirani na stendi ya daladala ya Jamatini hapa Dodoma. Bunge la bajeti likianza Aprili, saa tatu asubuhi mzigo umekwisha. Wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara waliokuja kujibu hoja, wote wanataka gazeti. Mwisho wa Juni Bunge linaahirishwa, mji unapoa, na jioni narudisha kwa wakala nusu ya nilichochukua asubuhi.

Kila aliyenitakia mema alinipa ushauri uleule: usitegemee kitu kimoja. Nikaufuata. Nilipofungua steshenari Makole na ikaanza kulipa, nikachukua faida yake nikanunua bajaji, kisha nikaweka kuku wa nyama mia tatu Nkuhungu. Ilikuwa 2017, Serikali inahamia Dodoma, na kila mtu mjini alikuwa anaanzisha kitu. Mdondo ukapita bandani, ndani ya wiki moja nikabaki na kuku arobaini na kidogo. Bajaji ikaanza kudai spea kila mwezi. Mimi sikujua kutibu kuku wala kusikia injini inapolalamika, na pesa zote zilitoka kwenye droo moja. Siku moja wino wa mashine ya fotokopi uliisha, wanafunzi wamepanga foleni hadi barabarani wanataka kukabidhi kazi zao, na nilipovuta droo nikakuta shilingi elfu nane. Steshenari, iliyokuwa inatulisha sote, ndiyo iliyokosa chakula.

Miezi michache baadaye mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliniletea utafiti wake niuchape na kuupiga spirali. Ulihusu nani anamiliki vyombo vya habari duniani. Nilikuwa napanga kurasa na kusoma hapohapo, na sura iliyonisimamisha ilikuwa ya Hearst, kampuni ya Marekani. Tangu siku hiyo nimeisoma sana kampuni hiyo, na naomba nieleze kwa nini mwenye duka dogo anapaswa kuijua.

Hearst ni ya familia. Hisa zake haziuzwi sokoni. William Randolph Hearst alikabidhiwa gazeti la San Francisco Examiner na baba yake mwaka 1887, na baba mwenyewe utajiri wake ulitoka kwenye migodi. Leo wengi wanaijua kwa majarida kama Cosmopolitan na magazeti kama Houston Chronicle. Ina vituo vya televisheni zaidi ya 30, na sehemu ya hisa za ESPN, ile ya michezo. Hayo ndiyo yanayoonekana.

Yasiyoonekana ndiyo yaliyonifungua macho. Mwaka 1980 ilinunua First Databank, kampuni inayotunza taarifa za dawa: dozi, na dawa ipi isichanganywe na ipi. Hospitali na maduka ya dawa yanalipia taarifa hizo. Mwaka 2016 ikanunua CAMP Systems, ambayo kazi yake ni kufuatilia matengenezo ya ndege: kifaa gani kinatakiwa kukaguliwa lini. Na tangu 2018 inamiliki yote Fitch, shirika linalopima uwezo wa nchi na makampuni kulipa madeni, Tanzania ikiwemo. Nani anunue gazeti kwa sababu ya tarehe ya kukagua tairi la ndege? Hakuna. Lakini mwenye ndege hawezi kuacha kulipia, mwezi huu wala ujao.

Nilirudia kurasa zile mara tatu. Kwa haraka unaweza kusema hawa nao wamerukia kila kitu, kama mimi na kuku wangu. Ukitulia unaona sivyo. Gazeti ni nini? Ni kukusanya taarifa, kuihakiki, kuipanga na kumfikishia anayeihitaji kwa wakati. Taarifa za dawa ni hivyohivyo, na za ndege pia. Kazi ni ileile, aliyebadilika ni mteja. Ndiyo maana nasema mguu wa pili uote kwenye wa kwanza. Mimi nilitoka kwenye karatasi nikaenda kwenye banda.

Hapa kwetu mzee Reginald Mengi, aliyefariki 2019, alijenga nyumba ya namna yake. Alianza na kuunganisha kalamu, akafika kwenye soda na maji ya chupa kule Moshi, na mwaka 1994 ITV na Radio One zikaanza kusikika. Maji na televisheni haviko karibu, nakubali. Ila yeye alikuwa mhasibu kwa taaluma, na kila kampuni ilikuwa na vitabu vyake. Kama unataka kutanua kwa mtindo huo, jiulize kwanza kama una uhasibu wa kuubeba. Mimi sikuwa nao.

Basi nikarudi kwenye kaunta na kuanza kutazama wateja. Nilikumbuka jambo nililoliona Jamatini miaka yote bila kulitilia maanani: mafundi na wakandarasi wadogo walikuwa wananunua gazeti hawasomi ukurasa wa kwanza. Wanafungua moja kwa moja kwenye matangazo ya zabuni, wanachana ukurasa, wanaondoka. Waliponunua, walikuwa wananunua tarehe. Zabuni inafungwa lini, inataka vielelezo gani.

Mzee mmoja mkandarasi kutoka Kondoa alikuwa anaingia dukani, "Mbukwa, dada," halafu anamwaga bahasha nzima juu ya kaunta: leseni ya biashara, cheti cha TIN, ile namba ya mlipakodi, karatasi za BRELA, wakala wa kusajili biashara, risiti za kodi, vingine vimekwisha muda na hajui. Siku moja alikosa kazi ya kujenga madarasa kwa sababu leseni ilikuwa imepitwa na siku nne. Siku nne tu. Alikaa kwenye benchi langu kimya kwa muda mrefu.

Nikanunua daftari kubwa la kaunta. Ukurasa mmoja kwa kila mteja, na tarehe zake zote: leseni inaisha lini, taarifa za mwaka za BRELA, cheti cha zimamoto, na zile awamu nne za kodi ya makadirio, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Wiki mbili kabla ya kila tarehe nampigia simu. Mwaka 2023 zabuni za Serikali zilipohamia kwenye mfumo wa NeST, wengi walichanganyikiwa, nikajifunza mfumo ule usiku baada ya kufunga duka. Leo nina wateja 26 wanaonilipa kila mwezi, Bunge liwepo lisiwepo. Bajaji niliiuza.

Kuna mambo mawili nataka uyashike kwa uzito.

La kwanza ni siri. Ukishika taarifa za watu, utashika za mahasimu. Nimewahi kuwa na wateja wawili wanaoomba zabuni moja, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini mwenzake ameweka bei gani. Nilimwambia akiuliza tena nitamrudishia bahasha yake. Alikasirika, akakaa miezi miwili bila kuja, akarudi. Nyumba yenye magazeti na shirika la kupima madeni ya nchi inalazimika kuweka ukuta kati ya vyumba vyake, na wewe wa kaunta moja uweke wa kwako: kabati linalofungwa, kila faili ndani yake, na ufunguo kwa mwenye duka peke yake.

La pili ni subira na madeni. Hearst mwenyewe alikopa na kununua kupita kiasi, majumba na kazi za sanaa, hadi mwaka 1937 uamuzi wa fedha ukaondolewa mikononi mwake na mali zikaanza kuuzwa. Alipofariki mwaka 1951 wosia wake uliiacha kampuni chini ya wadhamini 13, na wengi wao si wa familia. Nimeona maduka mangapi Dodoma yamefungwa kabla ya arobaini ya marehemu kwisha, ndugu wanagombania funguo! Mimi nimeandika wangu, nimewaeleza watoto na mdogo wangu nani atashika daftari.

Makao makuu ya Hearst kule New York yana kitu ambacho Mdodoma yeyote atakielewa. Ghorofa sita za chini zilijengwa 1928, zikiwa zimetayarishwa kubeba mnara juu yake. Uchumi ukaanguka, mnara haukujengwa. Ulikamilika 2006. Pita Ilazo au Kisasa uone nyumba za chini zenye nondo zinazochungulia juu ya paa, zikisubiri ghorofa. Usimcheke mwenye nyumba hiyo. Muulize tu kama anakopa ili apandishe, au anasubiri nyumba ya chini ilipe.

Kama una duka, saluni, studio ya picha, chochote, fanya hivi mwezi huu. Weka karatasi karibu na droo, na kila mteja akiuliza kitu usichouza, chora mstari mmoja mbele ya swali lake. Usianzishe chochote hadi mwezi uishe. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na mistari 43 mbele ya maneno haya: "Hii inaisha lini?"