Kabla hujalipa ada ya chama cha wauza umeme na gesi

Nimeishi Vienna miaka minane. Sita kati ya hiyo nilikaa kwenye meza ya ankara ya kampuni ndogo iliyokuwa ikinunua gesi Ujerumani na kuiuza Austria na Slovakia. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Sikuwa dalali wala bosi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kilichouzwa jana ndicho kinachodaiwa leo. Tangu nirudi Arusha, vijana walioko kwenye mashirika ya umeme wananiuliza: hivi vyama vya wafanyabiashara wa nishati vina faida, au ni kula chakula cha hotelini tu?

Chakula kipo, sikatai. Ila ngoja niwape kisa.

Siku ya gesi huko Ulaya ya kati inaanza saa 12 asubuhi na kuisha saa 12 asubuhi ya kesho yake. Nilipoelezwa hilo wiki ya kwanza kazini nilicheka peke yangu, maana bibi yangu kule Pangani ndivyo alivyohesabu siku maisha yake yote. Sasa, kila mwisho wa Oktoba wenzetu hurudisha saa nyuma, na siku hiyo moja inakuwa na saa 25. Mwaka 2019 tulikuwa tumemuuzia mteja megawati 30 mfululizo, yaani megawati-saa 30 kila saa, kwa mkataba ambao mwanasheria wake aliutunga mwenyewe, kurasa tisa, unaosema siku ni saa 24. Mimi nikatoa ankara ya megawati-saa 750. Wao wakakiri 720. Zile 30 zilizobaki kwa bei ya wakati ule hazikufika hata euro 400, lakini tuliandikiana barua pepe mpaka Januari, na mwishowe tukagawana hasara huku kila mtu amenuna.

Wateja wetu wengine wote siku hiyo ilipita kimya, kwa sababu tulikuwa nao kwenye mkataba wa EFET. Hili ni shirikisho la wafanyabiashara wa nishati Ulaya, lililoundwa 1999, miaka michache tu baada ya Umoja wa Ulaya kuanza kufungua soko la umeme na la gesi. Siku hizi linaitwa Energy Traders Europe, lakini kwenye meza za ankara jina la zamani halijafa. Mkataba wao unahesabu kwa saa, kwa hiyo siku ikiwa na 23 au 25, hesabu inajiendea yenyewe.

Kwa macho yangu, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo chama kile kimefanya. Fikiria kampuni mia zinazotaka kuuziana kuvuka mipaka, kila moja na mwanasheria wake na lugha yake. Chama kikakaa kikaandika maandishi ya msingi ambayo hamyagusi, kisha ukaja ukurasa wa chaguo ambao ndio mnaobishania. Je, mtakatana madeni, yaani nikikudai kumi nawe ukinidai saba, nilipwe tatu tu? Mtafuata sheria ya Uingereza au ya Ujerumani? Malipo yenyewe kwa kawaida ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukichelewesha ankara, siku tano za kazi baada ya kuipokea.

Ushauri wangu wa kwanza, basi: usiharakishe kulipa ada. Mkataba huo uko wazi kwenye tovuti yao, hata asiye mwanachama anaupakua. Uchukue, uusome na kalamu mkononi, na ukurasa wa chaguo usimwachie mwanasheria peke yake. Kipengele cha kukatana madeni ni cha mtu wa fedha, maana mwenzako akifilisika tarehe 19 ndicho kitakachokuokoa.

Unaingia chamani pale unapotaka kuwa ndani ya chumba ambamo maandishi hayo yanabadilishwa. Na hapa watu wengi hukosea kuchagua wa kumtuma. Bosi wetu alikuwa akijituma mwenyewe kwenye mkutano mkuu, anarudi na kadi za biashara mfuko mzima. 2020 vikao vikahamia kwenye video, chakula hakuna, hamu ikamwisha, akaniambia niingie mimi kwenye kikundi cha mikataba. Nikasimulia kisa changu cha saa 25. Watu wanne wakawasha vipaza sauti kwa mpigo. Kila mmoja alikuwa na chake. Baada ya hapo nilipata namba za watu wa ankara wa kampuni saba, na migogoro iliyokuwa ikichukua miezi tukawa tunaimaliza kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mtu wa kumtuma ni yule anayeandika ankara.

Jambo la pili wageni hawalijui. Kila kikao kinaanza kwa mwanasheria kusoma karatasi ya onyo: hapa hatuzungumzi bei, hatutaji wateja, hatugawani masoko. Mara ya kwanza niliona ni kama dua ya kufungulia kikao, unaitikia amina na kuendelea. La hasha. Washindani waliokaa chumba kimoja wako hatua moja tu kutoka kwenye kosa la kupanga bei, na faini za Ulaya haziulizi kama ulikuwa unatania. Mtu akianza habari za bei mkiwa kwenye kahawa, sema kwa sauti kwamba hujashiriki, ondoka, na jioni uandike ulichokisikia na saa uliyoondoka.

Tukija kwenye siasa, usitarajie miujiza. Oktoba 2022 Ujerumani iliweka tozo ya kugharimia gesi iliyojazwa kwenye maghala yake (ndiyo, tozo, Watanzania mnalijua neno), na ikaitoza hata gesi inayotoka kwenda nchi jirani. Ilianza kwa senti 59 kwa megawati-saa, na kufikia Julai 2024 ilikuwa euro 2.50. Sisi faida yetu mara nyingi haikufika euro moja. Kampuni ya watu kumi na mmoja ikiandika barua Berlin, nani ataifungua? Kupitia chama tulisikika, lakini tusidanganyane: kilichosogeza mambo ni serikali za Austria na Czechia kulalamika. Tozo ya mipakani iliondolewa Januari 2025, mimi nikiwa nafunga mabegi.

Na chama ni cha wauzaji. Agosti 2022, bei ya gesi kwenye soko la Uholanzi, linalotazamwa na Ulaya nzima, ilipopita euro 300 kwa megawati-saa, wafanyabiashara walikuwa wakipinga serikali kuweka kikomo cha bei, kwa hoja nzuri tu kwamba gesi ingeenda kwa wengine. Nilizielewa hoja zote. Baridi ilipofika, jioni nikirudi kwenye chumba changu nilizima hita, nikavaa masweta mawili.

Kwetu huku mambo ndiyo yanaanza. Umeme wa Ethiopia unaingia Kenya tangu Novemba 2022, na laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida ilianza kufanya kazi Desemba 2024. Wanaouziana bado ni mashirika ya serikali, na jumuiya yao ya kuuziana umeme Afrika ya mashariki, EAPP, iliyoundwa 2005, ina makao Addis Ababa. Kama shirika lako lina kiti kwenye kamati yoyote ya mikataba, kigombanie kabla hakijapewa mtu anayependa safari.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinitumia rasimu ya mazoezi aliyoiandika, ya kuuza umeme Zambia laini ya huko itakapokamilika. Ameandika vizuri, bei ipo, dhamana ipo, kukatana madeni kupo. Siku, kasema, ni saa 24 kuanzia saa 6 usiku. Kutoka Addis hadi Dodoma saa ni ile ile, ila Lusaka wako nyuma yetu kwa saa nzima. Nikamrudishia ikiwa na alama moja tu nyekundu: saa 6 ya wapi?