Usiifiche Hamira Yako: Kuomba MD-PhD Kutoka Chuo Kidogo

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Kitanzania anayesoma mwaka wa pili katika chuo kidogo huko Kansas. "Dada shikamoo," ameandika. "Nataka kuomba MD-PhD, ila chuo chetu kina wanafunzi mia tisa, maprofesa wa biolojia wanne, na hospitali kubwa iko mwendo wa saa mbili. Nikitaja jina la chuo watu wananiuliza kiko wapi. Utafiti ninaofanya ni wa panzi tu. Nihame?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma kwenye basi nikienda maabara, nikaurudia usiku, na neno lililonikaa moyoni ni lile "tu." Panzi tu. Mimi kuhusu utafiti wangu nilikuwa nasema hamira tu, na neno hilo lilinigharimu miaka miwili na fedha za mama yangu. Ndiyo maana nakujibu hapa hadharani, maana wanaoniuliza swali hili ni wengi.

Kwa asiyeijua njia hii: MD-PhD ni kusoma udaktari wa tiba na shahada ya uzamivu kwa pamoja, chini ya programu moja. Huku Marekani huchukua kama miaka minane. Unaanza na miaka miwili ya masomo ya tiba, unakwenda maabara miaka mitatu, minne au mitano mpaka umalize uzamivu, ndipo unarudi wodini. Programu nyingi hukulipia ada na kukupa posho ya kujikimu, na serikali kupitia NIH, taasisi zake za utafiti wa afya, imekuwa ikizifadhili baadhi yake tangu 1964. Wanaoingia nchi nzima ni kama 700 kwa mwaka. Mimi niko mwaka wa tatu sasa, ndiyo kwanza naanza sehemu ya uzamivu.

Tulifika Iowa nikiwa na miaka kumi na sita, baada ya mama kushinda bahati nasibu ya viza. Mwanza tuliacha karibu kila kitu, ila ugonjwa wa mdogo wangu tulisafiri nao. Ana selimundu. Utoto wangu naukumbuka kwa kilima cha hospitali ya Bugando, mama amembeba mgongoni usiku, mimi nyuma na chupa ya chai na kanga ya kujifunika. Usiku mmoja nilimuuliza daktari wa zamu kwa nini mtoto wa jirani mwenye ugonjwa huo huo hulazwa mara moja kwa mwaka na mdogo wangu karibu kila mwezi. Yule daktari alikaa kitako kando ya kitanda akaniambia, "Hilo ni swali la watafiti, na wenyewe bado wanalitafuta jibu." Alinijibu kama mtu mzima. Sijamsahau.

Nilipofika chuo nikasoma habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu, akaona jeni hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwenye nyanda za juu ni haba. Ziwa letu! Mtu mmoja alishika sindano ya daktari kwa mkono huu na swali la mtafiti kwa mkono huu, akalijibu swali kubwa kwa damu ya watu wa kwetu. Usiku ule nilijua ninachotaka, na ninaamini wewe unayesoma hapa unakitaka hicho hicho, la sivyo usingefika aya hii.

Mama alikuwa akifanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ndiko kubeba boksi kwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda chuo kilichonipa ufadhili, dakika arobaini kutoka nyumbani, mashamba ya mahindi pande zote nne. Mshauri mmoja wa masomo nilipomweleza ndoto yangu alinitazama, akasema niombe uuguzi, maana wasichana "wa kutoka kwenu" hufanya vizuri huko. Mama anafanya kazi na wauguzi kila usiku na ninawaheshimu mno. Lakini mimi sikuwa nimemuuliza habari za uuguzi. Miaka saba imepita na bado nikiikumbuka sauti yake koo linakauka.

Aliyenipokea ni profesa wangu wa jenetiki. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, na kazi yake ilikuwa hamira, ndugu wa hiyo hiyo tunayoumulia maandazi. Hamira aliyonipa imetengenezwa hivi: ikiwa na kipande fulani cha kromosomu, ule uzi unaobeba jeni ndani ya seli, koloni lake, yaani kundi la seli zilizozaliwa na seli moja, huwa jeupe, seli ikikipoteza, wazao wake wote huwa wekundu. Kwa hiyo koloni moja juu ya agari, ile jeli ya chakula ndani ya sahani ya maabara, huonekana kama keki nyeupe iliyotiwa vipande vya rangi ya tofali. Ukiona nusu nzima nyekundu, ujue kromosomu ilipotea kwenye mgawanyiko wa kwanza kabisa. Sahani ukiziweka frijini siku mbili tatu rangi inakolea, unaziona vizuri zaidi. Halafu unahesabu. Mimi nilihesabu kwa jicho, kalamu nyeusi mkononi, nukta moja chini ya sahani kwa kila koloni, miaka mitatu. Nilikuwa natafuta ni jeni zipi zikiharibika seli inashindwa kugawa kromosomu sawasawa, jambo ambalo seli za saratani zinalifanya kila siku.

Katika mwaka wa pili sahani zangu zote zilitoka nyeupe. Wiki tatu mfululizo, nyeupe tupu. Nikafurahi, nikadhani nimepata hamira isiyopoteza kromosomu kamwe, nikaandika hata kichwa cha bango la kuwasilisha. Profesa akaniuliza swali moja: "Umeweka adenini kiasi gani?" Rangi nyekundu hutokea pale hamira inaposhindwa kujitengenezea yenyewe adenini, moja ya herufi nne za DNA, na mimi nilikuwa nimeimiminia adenini nyingi kwenye chakula chake, haina haja ya kujitengenezea chochote. Kromosomu zilikuwa zinapotea kama kawaida. Mimi ndiye niliyezima taa ya kunionyesha. Nilitupa sahani za wiki tatu nikaanza upya.

Kikumbuke kisa hicho, nitakirudia.

Kiangazi cha mwaka wa tatu nilipata nafasi ya wiki kumi katika maabara ya chuo kikuu kikubwa. Siku ya kwanza tulijitambulisha, nikataja chuo changu, na mwenzangu mmoja akauliza kwa upole kabisa kama ni chuo cha miaka minne. Uso ulinichoma. Kuanzia siku ile nikaanza kuona aibu na kwetu. Pale kwenye maabara kubwa kazi yangu ilikuwa kuandika namba kwenye mirija na kupanga vipande vya mikia ya panya kwenye barafu. Mwenye maabara, mtu mashuhuri, nilizungumza naye mara mbili.

Nilipoomba mara ya kwanza, nikatenda kosa langu. Maombi hufanyika kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shule za udaktari, na mwombaji wa MD-PhD huandika insha tatu: ya kujieleza, ya kwa nini unataka shahada zote mbili, na ya utafiti wako. Hiyo ya tatu ndiyo ndefu, herufi 10,000 pamoja na nafasi. Karibu yote niliitumia kuelezea ile maabara kubwa, juu ya utafiti ambao sikuwa nauelewa nusu. Hamira niliipa aya moja mwishoni, ikianza na neno "Pia." Barua ya mapendekezo nikamwomba yule mtu mashuhuri, akaniandikia, nadhani ilikuwa fupi.

Niliomba shule kumi na sita. Kila shule ina ada yake kwenye AMCAS, halafu nyingi zinakutumia insha za ziada nazo zina ada. Mama alinipa hela ya mchezo, zamu yake aliyoisubiri miezi kumi. Nilikuja kujua baadaye kwamba AAMC, chama cha shule za udaktari, wana mpango wa kuwasaidia waombaji wenye kipato kidogo, ambao hupunguza ada ya MCAT, mtihani wa kuingilia shule za udaktari, na kufuta ada ya AMCAS kwa shule hadi 20. Hakuna aliyeniambia. Chuoni kwetu hakukuwa na mtu aliyewahi kuomba programu hizi. Tafadhali, kabla hujagusa hela ya mzazi, omba msaada huo kwanza, na uuombe kabla ya kujiandikisha kwa mtihani maana haurudishi ada uliyokwisha kulipa.

Hakuna shule hata moja iliyoniita kwenye usaili.

Mwezi wa Machi nilimpelekea profesa wangu insha ile. Aliisoma amesimama, ameegemea meza ya maabara, koti lake la baridi bado mwilini. Alipomaliza akaniuliza, "Sahani zako ziko wapi humu?" Nikamjibu, "Ile ni hamira tu, Profesa." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akafungua kabati akatoa madaftari yangu matatu, akayaweka mbele yangu, akaenda kufundisha.

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka ujifunze wewe bila kulipa. Wanaosoma maombi haya ni watafiti. Mashine za kifahari wanazo wenyewe. Wanatafuta mtu aliyeuliza swali, akakosea, akagundua alipokosea, akaendelea. Kwenye chuo kidogo unapewa swali likawa lako. Hakuna mwanafunzi wa uzamivu mbele yako wa kukunyang'anya. Usione haya na kitu ambacho mikono yako imekifanya.

Miaka miwili iliyofuata nilifanya kazi ya ufundi wa maabara, sina mengi ya kusimulia kuhusu hiyo. Nikaomba tena. Safari hii hamira ilianza mstari wa kwanza, na kisa cha adenini nikakiandika chote bila kukipamba. Barua ya kwanza ilitoka kwa profesa wangu wa chuo kidogo.

Shule tano ziliniita. Usaili wa MD-PhD huweza kuchukua siku mbili, unapita ofisi hadi ofisi. Kwenye mojawapo, mzee mmoja alinisukumia karatasi nyeupe na penseli. "Nichoree koloni lako." Nikachora duara, nikalikata vipande, nikaeleza kila kipande kilipotea lini. Akauliza, "Na lini data zako zilikudanganya?" Nikamweleza wiki tatu za sahani nyeupe. Tulizungumza dakika hamsini kuhusu adenini. Jina la chuo changu hakulitaja kabisa.

Nilikubaliwa na shule mbili. Mama nilimpigia saa moja asubuhi anatoka zamu, akapiga vigelegele kwenye maegesho ya magari mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Najivunia, na sitajifanya sijivunii.

Sasa hayo mengine uliyoniuliza. MCAT ni siku nzima, saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko. Alama za juu kabisa ni 528 na wastani wa wanaoingia MD-PhD huzunguka 516, kwa hiyo anza mapema. AMCAS hufunguliwa mwezi wa Mei, na wanaowahi ndio wanaosomwa mapema, kwa hiyo nalo anza mapema. Profesa wa kukuandikia barua mjue sasa hivi, mwaka huu wa pili, si mwezi wa Aprili wa mwaka wa nne. Nenda ofisini kwake hata kama huna swali. Maprofesa wanne ni utajiri: wenzako kwenye madarasa ya watu mia nne wanatamani profesa ajue tu majina yao.

Kiangazi nenda maabara kubwa, usikose, lakini nenda ukiwa na swali lako, na ukirudi usilitupe la nyumbani. Na hili la makaratasi lisikupite: fedha za NIH kwa programu hizi ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi mlango haujafungwa, zipo shule zinazochukua wageni kwa fedha zao wenyewe, ila ni chache. Kagua moja moja kabla ya kulipa.

Vijana wetu huku ughaibuni tunajifunza upesi mno kujidharau. Tukiulizwa tunatoka wapi tunataja mji mkubwa wa jirani. Tukiulizwa tunasoma wapi tunapunguza sauti. Acheni. Kitaje chuo chako kwa sauti ile ile unayotaja jina la mama yako. Ukikidharau wewe uliyekaa humo, msomaji wa maombi aliye mbali atakithamini vipi?

Kwa hiyo usihame. Insha yako ya utafiti nitumie kabla Mei ya mwaka utakaoomba haijafika, nitaisoma yote. Lakini kwanza nijibu haya kwenye ujumbe mwingine, kwa kirefu: hao panzi unawahesabuje kwenye nyasi ndefu bila kumhesabu mmoja mara mbili? Na ni lini hesabu ilikataa, ukafanya nini?