Mnauliza India kuna joto au baridi: tajeni kwanza mji na mwezi

Ndugu zangu wa Dar, Mombasa na Zanzibar, kila mtoto anapopata chuo India, au mgonjwa anapopelekwa huko kwa matibabu, swali ni lilelile: kuna baridi au joto, na abebe nini? Wengine wanaamini India yote ni kama Dar. Wengine wamesikia mafuriko tu. Nawajibu wazi, maana jibu la juujuu humfikisha mtoto Delhi mwezi wa Januari akiwa na fulana mbili na ndala.

Muelewe kwanza mvua inatoka wapi. Kusi inayovuma pwani yetu kuanzia Aprili haiishii Lamu. Huvuka ikweta, hupita kwa kasi kandokando ya Kenya na Somalia, nguvu yake kubwa ikiwa kilomita moja hadi moja na nusu juu ya bahari. Mzunguko wa dunia huipinda kulia, nayo hugeuka kuwa upepo wa kusini-magharibi na kukata Bahari ya Arabu, ikizoa mvuke njia nzima. Kinachoivuta ni nchi kavu. Aprili na Mei jua huichoma Rajasthan, jimbo la kaskazini-magharibi mwa India, Pakistan na tambarare za mto Ganges, hewa hupanda na mgandamizo hushuka. Himalaya nayo huzuia hewa baridi na kavu ya Asia ya Kati isishuke, na huzuia mvuke wa bahari usivuke kwenda kaskazini, kwa hiyo mvua humwagika upande wa India. Kuelekea mwisho wa mwaka bara hupoa kuliko bahari, upepo hugeuka, na huo ndio kaskazi mnaoujua.

Idara ya Hali ya Hewa ya India, iliyoanzishwa mwaka 1875, huhesabu kwa wastani kwamba mvua huingia Kerala, jimbo la kusini kabisa, tarehe 1 Juni, Mumbai 11 Juni, Delhi 27 Juni, na kuifunika nchi nzima 8 Julai. Huanza kuondoka Rajasthan 17 Septemba na kumaliza kuondoka katikati ya Oktoba. Miezi minne ya Juni hadi Septemba huleta wastani wa sentimita 87, karibu robo tatu ya mvua yote ya mwaka. Msitafute masika na vuli huko. Wala msidhani hunyesha kila siku: mkanda wa mvua ukisogea hadi chini ya Himalaya, tambarare hukaa siku nyingi bila tone, jua likiwaka juu ya ardhi iliyolowa. Siku hizo ndizo zinazochosha kuliko zile za mvua yenyewe.

Sasa miji, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Mumbai iko upande wa milima ya Ghats Magharibi unaopokea upepo wa bahari, ikipata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Pune, mwendo wa kilomita 150 hivi kwa gari, iko nyuma ya milima hiyo na hupata kama 700 tu, kwa kuwa upepo umeshamwaga maji yake ukipanda. Chennai, wanakokwenda wagonjwa wengi kutoka kwetu, ina kalenda ya peke yake. Wakati India nzima inalowa, Chennai ina joto na manyunyu ya jioni. Mvua yake kubwa huja Oktoba hadi Desemba, kaskazi inapovuka Ghuba ya Bengali na kufika ikiwa na mvuke. Mwanzoni mwa Desemba 2015 mji ulifurika hadi uwanja wa ndege ukafungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo anayewaambia kuwa mvua za India huisha Septemba hajawaambia habari za Chennai. Bangalore ipo juu, zaidi ya mita 900, na mtu wa Arusha hatapata taabu.

Ninachokihofia zaidi kwa mgeni wa kaskazini ya India ni Mei, wala si mvua. Delhi hufika nyuzi 45, na upepo mkavu wa mchana hukausha midomo na pua. Joto hilo si la Dar: jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo mtu hajui kuwa anapungukiwa maji hadi kichwa kinapoanza kuuma na mkojo kuwa wa njano iliyokolea. Anywe maji kabla ya kiu. Akikosa pakiti za chumvichumvi za dukani, lita moja ya maji safi itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kutoka nje iwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Vyumba vingi vya wanafunzi havina kiyoyozi bali feni ya maji: sanduku lenye tangi, pampu ndogo, na nyasi au karatasi nene zinazoloweshwa, feni ikivuta hewa kupitia humo. Maji yanapogeuka mvuke hewa hupoa. Mambo mawili huharibu kazi yake. La kwanza ni kufunga madirisha. Unyevu hujaa chumbani na kinachobaki ni chumba cha mvuke, hivyo dirisha la upande wa pili liachwe wazi kidogo. La pili ni Julai. Hewa ikishajaa unyevu maji hayakauki, na mashine hiyo haisaidii tena. Wakati huo imwagwe, isuguliwe na kukaushwa, kwa sababu mbu wa homa ya dengue hutaga kwenye tangi. Kama bado inatumika, maji yabadilishwe kila wiki. Dengue huongezeka mvua zinapoendelea na mara baada yake. Mwenye homa asinywe aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupima damu, zinaweza kuzidisha kutoka damu. Atumie paracetamol.

Kwa Mumbai, waangalie mvua na bahari pamoja. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mifereji haiwezi kumwaga maji baharini, barabara hujaa na treni za mjini husimama. Tarehe 26 Julai 2005 kituo cha hali ya hewa cha Santacruz, mjini humo, kilipima milimita 944 kwa siku moja. Idara hutoa tahadhari kwa rangi: njano ni kufuatilia, chungwa ni kujiandaa, nyekundu ni kuchukua hatua, na kwa mgeni hatua hiyo ni kubaki ndani. Aliyekanyaga maji ya mafuriko akiwa na kidonda aoshe kwa sabuni na amwone daktari ndani ya siku tatu, kuna ugonjwa wa bakteria wa mkojo wa panya unaozuilika kwa dawa za mapema. Vyeti viwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na viatu vya ngozi viachwe nyumbani, vitaota ukungu.

Kuhusu baridi, tusidanganyane: Delhi ya Januari hushuka usiku hadi nyuzi 7 na chini yake, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Sakafu ni ya mawe, na ukungu huchelewesha ndege na treni. Sweta nzito, soksi, koti na blanketi ni lazima. Kabla yake, mwishoni mwa Oktoba na Novemba, moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa Punjab na Haryana, majimbo ya jirani, hukutana na moshi wa magari na viwanda. Upepo umelegea, hewa baridi imelala chini, na uchafu haupandi. Mwenye pumu asipangiwe Delhi miezi hiyo kama kuna mji mwingine.

Mtasikia pia kuwa El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida, huikausha India. Mara nyingi ni kweli, ila si sheria. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kali na bado mvua ya India ilikuwa ya kawaida, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Joto hilohilo ndilo lililochangia mafuriko yaliyokata barabara kwetu mwishoni mwa mwaka ule.

Kwa mgonjwa anayeweza kuchagua, Chennai iwe Januari au Februari, na Delhi iwe Februari au Machi. Mwanafunzi hana hiari, masomo mengi huanza Julai au Agosti, kwa hiyo kwenye begi awe na mwavuli imara, ndala za mpira zisizoteleza na nguo nyepesi zinazokauka haraka. Koti la baridi anunue hukohuko Novemba: ni rahisi kuliko kulipia uzito wa mizigo kwenye ndege.