Maumivu hayamsubiri daktari: maswali yenu kuhusu tiba shufaa

Tiba shufaa ni huduma ya kumtuliza maumivu na kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaouguza nyumbani, mahali ambapo daktari ni wa kumfuata kwa basi. Najibu kama muuguzi, na nasema wazi tangu mwanzo: maumivu makali ya saratani yanatulizika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji daktari awe mlangoni.

Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali wametuambia tumrudishe nyumbani, hakuna zaidi cha kufanya. Usiku halali kwa maumivu. (Binti, Korogwe)

Pole sana, mwanangu. Kauli ya "hakuna cha kufanya" isingepaswa kutamkwa mbele ya familia yoyote. Kilichokwisha ni matibabu ya kuondoa saratani. Kutuliza maumivu, kutunza ngozi na vidonda, kuzungumza na mama kuhusu hofu zake, hayo yote bado yapo, na yalitakiwa kuanza mapema zaidi.

Kama mama hawezi kusafiri, aende mmoja wenu na karatasi zake zote. Aulize moja kwa moja: hapa nani anatoa tiba shufaa, na mofini ya maji, yaani dawa kali ya maumivu ya kunywa, ipo? Wakisema haipo, ombeni rufaa ya maandishi. Ulizieni pia Muheza, si mbali na kwenu. Hospitali Teule ya huko ilijenga huduma ya hospisi, yaani ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, inayowafuata majumbani. Kabla ya kwenda, andikeni kwenye daftari maumivu yako wapi, yanazidi saa ngapi, na dawa alizokunywa zilimsaidia kwa muda gani. Anayeandika dawa bila kumwona mgonjwa atalitegemea sana daftari hilo.

Baba kaandikiwa mofini. Ndugu wanasema tutamfanya teja, na kwamba hiyo ni dawa ya kumharakishia kifo. (Kaka, Mombasa)

Wanasema kwa kumpenda, lakini siyo sahihi. Mofini inayotolewa kwa kipimo kinachofuata maumivu haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja, wala haimharakishii kifo. Ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, hata kama wakati huo hajisikii vibaya. Mkingoja mpaka apige kelele, mnaanza upya kila mara. Siku za kwanza anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu. Kwa wengi hali hiyo hupungua. Choo kigumu hakipungui chenyewe, kwa hiyo aanze dawa ya kulainisha choo siku ileile. Akilala fofofo asishtuke mkimwamsha, au pumzi ikawa ya polepole mno, msimpe tena na mpelekeni hospitali mara moja. Chupa ikae mbali na watoto, na dozi isibadilishwe bila kuuliza.

Ni kweli Uganda wauguzi wanaandika mofini wenyewe? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mwanza)

Ni kweli, na ni habari ambayo ningependa kila chuo cha uuguzi kiifundishe.

Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993. Alikuwa amefanya kazi Singapore na kuona kwamba mofini ya maji inaweza kuchanganywa kwa unga na maji, kwa gharama ndogo, mgonjwa akainywa nyumbani. Dawa ikawepo Uganda, lakini mwandikaji hakuwepo, maana sheria ilimtaka daktari na wagonjwa wengi walikuwa vijijini wasikofika madaktari. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa. Wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kwa miezi 9 wakaruhusiwa kuandika mofini, na Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kufanya hivyo. Mgonjwa hailipii.

Ruhusa hiyo ina masharti: kabati lenye kufuli, daftari la kila chupa, na mafunzo kwanza. Tena sheria peke yake haitoshi. Hata huko kumekuwa na nyakati mofini imekauka, na muuguzi mwenye kibali asiye na dawa hana la kumpa mgonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Kwa pengo hilo, sioni nchi yenye madaktari wachache inawezaje kuendelea kumfungia muuguzi aliyefunzwa kalamu yake.

Si bora tusomeshe madaktari zaidi? (Msomaji, Dodoma)

Wasomeshwe, tena wengi. Lakini ni miaka 5 chuoni na mmoja wa mazoezi kwa vitendo, na mgonjwa anaumwa usiku wa leo.

Kidonda cha titi cha dada yangu kinanuka, wageni hawaji tena. (Dada, Bujumbura)

Hili linaumiza kuliko wengi wanavyojua, na dawa yake ni rahisi. Mwombe muuguzi akuonyeshe kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kunyunyizia unga wa vidonge vya metronidazole (dawa ya kuua bakteria) vilivyosagwa kabla ya kufunga. Mara nyingi harufu hupungua ndani ya siku chache. Usisugue, na bandeji iliyogandia ilowanishe kwanza.

Niko zahanati, sina daktari wala mofini. Nianzie wapi? (Muuguzi, Kigoma)

Anza na kuwajua. Kaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mwandike kila kaya yenye mgonjwa asiyeinuka kitandani. Huko Kerala, India, majirani wa kujitolea waliofundishwa kuogesha, kugeuza mgonjwa na kusikiliza ndio waliobeba huduma hii kuanzia miaka ya 1990, wauguzi wakiwazungukia na madaktari wachache wakiwa nyuma yao. Pili, pima maumivu kwa namba, 0 hadi 10, na uyaandike kama unavyoandika joto la mwili. Ukimpigia daktari wa wilaya ukamwambia "mgonjwa ana 8 tangu jana licha ya paracetamol", atakuwa na la kuamua. Tatu, mwombe mganga mkuu wa wilaya nafasi ya mafunzo, kwa barua, ukiambatanisha orodha yako ya wagonjwa bila majina yao.