Binti yangu mkimya, mdogo wake haishiwi maneno: je, kuna tatizo?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina watoto wawili. Mkubwa ni binti, yuko kidato cha pili. Anafaulu vizuri, lakini ripoti ya shule imerudi tena na maneno "hashiriki darasani". Wageni wakija nyumbani anasalimia, anaandaa chai, kisha anaingia chumbani. Baba yake anasema hayo ni maringo. Mdogo wake wa kiume, darasa la sita, ni kinyume kabisa: anaongea kutwa nzima na kusoma kimya hawezi. Binti alijibu maswali fulani kwenye simu akaambiwa yeye ni introvati, yaani mtu mkimya anayeelekea zaidi ndani yake, na siku hizi nikimwambia twende kwenye shughuli ananijibu, "Mama, mimi ni introvati." Je, hii ni hali ya kuzaliwa, ni aibu, au ni ugonjwa? – Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Mama, kwa jinsi ulivyoeleza sioni ugonjwa. Lakini kabla sijakuhakikishia, kuna swali nakuomba umuulize binti yako mkiwa wawili tu, bila haraka. Anaponyamaza darasani, ni kwamba hana hamu ya kusema, au anatamani kusema ila moyo unamwenda mbio na maneno yanakwama? Hali ya kwanza ni haiba, yaani tabia ya asili ya mtu; ya pili ni hofu. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa hawezi kuzitofautisha, maana yeye anaona ukimya tu.

Nianze na haiba. Maneno introvati na kinyume chake, ekstrovati, yalienezwa na Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1921. Yeye alitazama nguvu za mtu zinaelekea wapi: kwenye fikra zake za ndani, au kwa watu na mambo yanayomzunguka. Baadaye mwanasaikolojia Hans Eysenck, mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi London, alilitafutia jambo hili chanzo mwilini. Mwaka 1967 alieleza kwamba ubongo wa introvati huamshwa upesi na kelele, mwanga na msongamano wa watu, hivyo hutosheka na kidogo, wakati ekstrovati huhitaji zaidi ndipo achangamke. Tafiti zilizofuata hazikumkubalia kila kitu. Introvati hakuonekana kuwa ameamka kupita wenzake muda wote; tofauti hujitokeza zaidi pale kichocheo kinapoingia. Kwa upande wa ekstrovati, watafiti wengi siku hizi wanaangalia mfumo wa ubongo unaotumia kemikali iitwayo dopamini, ule unaotufanya tukimbilie kitu chenye raha au faida. Kukutana na watu, kusifiwa, kushinda: hayo humvuta mwanao wa kiume kwa nguvu kuliko yanavyomvuta dada yake.

Je, ni ya kuzaliwa? Kwa sehemu, ndiyo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti zilizopo kati ya watu katika jambo hili inahusiana na urithi. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti ngeni. Takriban mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia. Mtu angedhani hao wangekuwa watoto wa vurugu, kumbe ndio walioelekea zaidi kuwa watulivu na waangalifu mbele ya wageni walipokua. Hata hivyo si wote waliobaki hivyo. Malezi na mazingira nayo yana kazi yake.

Kuhusu lile jaribio la simu, nasema kwa msisitizo: binadamu hawajagawanyika makundi mawili. Ni kama urefu wa mwili: wafupi sana na warefu sana ni wachache, wengi wako katikati. Jaribio linalomlazimisha kila mtu awe huyu au yule linaweza kumpa jibu jingine akilirudia baada ya wiki chache. Tena hata introvati halisi huongea kwa uchangamfu akiwa na watu wake au akiguswa na mada anayoipenda. Kwa hiyo binti asilitumie neno hilo kama cheti cha ruhusa. Kwenda msibani, kusalimia, kuhudumia wageni ni adabu, na anaiweza. Umeniambia mwenyewe kwamba chai anaiandaa. Lakini kumlazimisha akae sebuleni saa tatu nzima akitabasamu hakumwongezei adabu, kunamchosha tu. Mwambie baba yake kwamba mwenye maringo huwadharau wageni. Huyu amewahudumia kwanza, ndipo akaenda kupumzika.

Sasa upande wa hofu, ambao ndio ninaoujali zaidi. Mchunguze kama tumbo humuuma siku ya kusimama mbele ya darasa, kama anakwepa kula mbele za watu, kama hurudia kichwani kwa siku kadhaa neno dogo alilokosea, au kama ana hamu ya marafiki na hathubutu kuwafuata. Hofu ya kijamii mara nyingi huanza katika umri wake huu. Inatibika kwa mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua. Anzia kwa mwalimu wa ushauri nasaha, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Na kama alikuwa mchangamfu kisha akanyamaza ghafla, usisubiri. Badiliko la ghafla si haiba. Uliza kwa upole kama kuna anayemwonea, kumtishia au kumgusa vibaya.

Ikiwa ni haiba tu, zungumza na mwalimu wake. Omba ampe swali siku moja kabla, au awaache wanafunzi wajadiliane wawili wawili kabla ya kujibu mbele ya wote. Mtoto wa aina hii hupenda kupanga jibu lake kwanza.

Huyo mdogo naye msimsahau. Mwaka 1984 mtafiti Russell Geen aliwaacha washiriki wachague wenyewe kiwango cha kelele wakati wa kujifunza. Ekstrovati walichagua kubwa, introvati ndogo, na kila kundi lilifanya vizuri katika kiwango chake. Walipobadilishiwa, matokeo yalishuka pande zote mbili. Kwa hiyo mwacheni asome akijieleza kwa sauti, au na rafiki, na dada yake apewe kona yenye utulivu. Wakilazimika kusomea meza moja, wapeni zamu.